Kivuli cha Mnyama: Uhakiki wa Picha za Nyika katika Jua Kali

Picha ya mnyama wa mwitu ni kitu kinachoonekana kila mahali katika nchi yetu, na kuhakikiwa mara chache sana. Imo katika noti, katika stempu, katika kalenda za benki, katika vitabu vya Jiografia, na ukutani mwa kila ofisi inayopokea wageni. Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kuhakiki shairi, riwaya na tamthilia. Huulizwa fani na maudhui, huulizwa msimamo wa mwandishi na falsafa yake. Lakini picha ya simba aliyelala chini ya mgunga huipokea kama apokeavyo mvua au kiangazi, kana kwamba haikutungwa na mtu. Katika makala haya tunakusudia kuitazama picha hiyo kama kazi ya sanaa, na hasa kuitazama mahali pale ambapo mtungaji wake hulazimika kuamua jambo, yaani mpakani mwa jua na kivuli.

Tuanze na jua lenyewe. Seronera, katikati ya Serengeti, iko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa Ikweta. Karibu na nusu ya Machi, na tena mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri husimama utosini barabara. Saa hiyo mnyama hana kivuli cha kando. Kivuli chake chote kimejikusanya chini ya tumbo lake, na mashimo ya macho yake yamejaa giza. Mgongo wa nyati unang'aa kama sufuria iliyosuguliwa, na ubavu wake ni mweusi tii. Nyuma yake mbingu na majani makavu ni meupe mno.

Mwanafunzi analijua jambo hili bila ya kufika mbugani. Na aichukue picha ya Kidato cha Nne iliyopigwa uwanjani saa sita mchana. Mashati meupe yanameremeta hata vifungo havionekani; nyuso zilizo juu ya mashati hayo hazina macho wala midomo. Waliokuwapo uwanjani waliwaona wenzao vizuri kabisa, kwa sababu jicho la binadamu halitulii. Likitoka kwenye shati kwenda usoni mboni hupanuka, likirudi hubana, na ubongo huyaunganisha yote yakawa mandhari moja. Kamera hufumbua jicho lake mara moja tu, kwa kipimo kimoja. Hapana budi ichague: ama shati, ama uso.

Wapigapicha hupima nuru kwa hatua, na kila hatua ni maradufu ya ile iliyotangulia. Filamu za slaidi zilizotumiwa na wengi waliokuja kupiga wanyama wetu katika karne ya ishirini ziliweza kubeba hatua tano au sita hivi, maana yake mahali penye nuru nyingi palizidi mahali penye nuru kidogo mara 32 au 64 tu. Zaidi ya hapo, upande mmoja uliungua ukawa mweupe au upande wa pili ukazama gizani. Kamera bora za tarakimu za siku hizi hufikia hatua 13 au 14, yaani mara 8,000 au 16,000 hivi. Hata hivyo jua la mchana pamoja na kivuli kizito cha mti huweza kuzidi hata kipimo hicho.

Dawa iliyobuniwa kwa tatizo hili inajulikana duniani kote kwa herufi tatu, HDR, na maana yake ni picha yenye masafa mapana ya nuru. Mpigapicha hupiga mandhari moja mara tatu au zaidi. Picha ya kwanza huipimia mbingu, ya pili huupimia mwili wa mnyama, ya tatu hukipimia kivuli. Kisha kompyuta huchukua kutoka kila picha sehemu iliyotoka vizuri, na kuziunganisha zikawa moja. Hesabu za kazi hii ziliwekwa wazi mwaka 1997 na Paul Debevec na Jitendra Malik wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Lakini wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko kompyuta. Mfaransa Gustave Le Gray, katika miaka ya 1850, alizipiga bahari na mawingu kwa vioo viwili, kimoja kwa ajili ya maji na kingine kwa ajili ya mbingu, kisha akavichapa juu ya karatasi moja. Alilazimika kufanya hivyo kwa kuwa dawa ya vioo vya zama zake iliathirika mno na rangi ya buluu, na mbingu ikatoka tupu kila mara. Watazamaji wake waliona mawingu yanayotisha juu ya mawimbi yanayotisha, wakashangilia. Huenda mawingu hayo na mawimbi hayo hayakukutana siku moja.

Bahari ya Le Gray haikumwona mpigapicha. Mnyama humwona. Hapa ndipo ufundi huu unapopata shida kwa wanyama kuliko kwa majengo au milima. Baina ya picha ya kwanza na ya tatu, tembo amekwisha kupunga sikio, majani yamelala upande mwingine kwa upepo, na ndege wadogo wanaokula kupe mgongoni mwa nyati wamehama. Kompyuta ikiziunganisha picha hizo, sikio huwa mawili, moja imara na moja kama moshi. Wapigapicha wenyewe huuita mzuka. Ndiyo maana picha nyingi za aina hii ni za simba aliyeshiba, mamba aliyeanika mgongo, au chui aliyelala juu ya tawi. Ufundi umekwisha kumchagulia msanii maudhui: mnyama wake lazima awe mvivu. Wale wasiopenda sharti hilo hupiga picha moja tu, kwa kasi ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, wakahifadhi nuru ghafi yote iliyoingia katika kamera, kisha wakaviinua vivuli na kuishusha mbingu baadaye mezani. Kwa mnyama anayekimbia hakuna njia nyingine ya maana.

Mpaka hapa tumezungumzia ufundi, na fundi hana kosa. Uhakiki unaanza pale picha inapoteremshwa kutoka katika kompyuta hadi kwenye karatasi. Karatasi nzuri ya picha huweza kuonyesha hatua sita au saba hivi kati ya weupe wake na weusi wake. Karatasi ya gazeti, pungufu ya hapo. Kwa hiyo masafa yote yaliyokusanywa kwa taabu hayana budi yabanwe tena. Ni nani atakayeamua kipi kibanwe na kipi kiachwe? Hesabu haiwezi kumjibu msanii swali hilo. Akikiinua kila kivuli na kuituliza kila nuru, atapata picha ile tunayoiona siku hizi katika matangazo mengi ya safari: mbingu ina mawingu ya radi, majani yana dhahabu, simba ana kila unywele, chini ya mgunga pana mwanga kama barazani, na ukiutazama mchanga huwezi kujua jua liko upande gani. Kila kitu kinaonekana, na saa haionekani.

Tunapendekeza saa iwe kipimo. Picha ya nyika yapasa imwambie mtazamaji, hata kama si kwa maneno, kwamba hii ni asubuhi na umande haujakauka, au hii ni adhuhuri na hakuna kiumbe mwenye hamu ya kusimama. Maisha ya wanyama yamepangwa kwa nuru. Simba hulala mchana kwa sababu ya jua, swala hujibanza kwenye uvuli kwa sababu ya jua, na nyumbu husimama wakielekeza vichwa upande mmoja. Picha inayofuta saa imefuta sababu ya kila tendo lililomo ndani yake. Simba wa tangazo amelala, lakini kwa nini amelala, maadamu pale alipo hapana joto?

Mfano wa swala tomi unastahili kutazamwa kwa utulivu. Mgongo wake ni wa rangi ya hudhurungi, ubavuni ana mstari mweusi, na tumbo lake ni jeupe. Mwaka 1896 mchoraji wa Kimarekani, Abbott Thayer, aliandika katika jarida la elimu ya ndege kwamba viumbe wengi wamepakwa rangi kinyume cha nuru: juu, ambako jua hupiga, ni weusi zaidi; chini, ambako kivuli hukaa, ni weupe zaidi. Kivuli huutia giza weupe wa tumbo, na jua huung'arisha weusi wa mgongo, hata pande hizo mbili zikakaribiana na mnyama akapoteza umbo lake la mviringo machoni mwa adui. Thayer alizidisha baadaye, akataka kila rangi ya kila mnyama iwe ya kujificha, na alichekwa kwa haki. Lakini kwa hili la mgongo na tumbo elimu ya viumbe bado inalijadili kwa heshima, na aliyeliona mapema alikuwa mchoraji, mtu aliyezoea kutia kivuli chini ya tufaha ili lionekane mviringo.

Sasa tuuangalie mkono wa mpigapicha anayeviinua vivuli bila ya kiasi. Anakinyanyua kile kivuli cha tumboni. Tumbo linarudia weupe wake wote, kama la swala aliyemulikwa kutoka chini kwa taa ya jukwaani. Mapatano yaliyokuwapo baina ya ngozi na jua yamevunjika, na mnyama anaonekana kama kipande cha karatasi kilichobandikwa juu ya majani. Mtazamaji asiyejua neno lolote la upigaji picha atasema tu kwamba swala huyu "si wa kweli", naye atakuwa amesema sahihi.

Huenda wengine wakatujibu kwamba sanaa haidaiwi kivuli. Jibu hilo lina uzito, hasa kwetu sisi. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, ina wanyama waliochorwa kwa rangi nyekundu bila ya kivuli hata kimoja, na hakuna mwenye akili anayewaita wa uongo. Edward Saidi Tingatinga, tangu mwaka 1968 hivi hadi alipofariki mwaka 1972, alichora chui, tembo na ndege kwa rangi za kung'aa za mafuta juu ya vipande vya hadibodi jijini Dar es Salaam, na wanafunzi wake wakaendelea. Chui wao ana madoa kila mahali, nuru yake ni moja kuanzia pua hadi mkia. Kwa nini basi tumsifu Tingatinga na kumlaumu mpigapicha? Kwa sababu Tingatinga hakudai kuwa alisimama mahali fulani saa fulani. Chui wake ametoka katika masimulizi na kumbukumbu, na katika masimulizi hakuna adhuhuri. Picha ya kamera hudai ushahidi. Mtu huinunua kwa kuamini kwamba kulikuwa na chui, kulikuwa na tawi, na kulikuwa na asubuhi ile. Ikitaka heshima ya shahidi, na ikubali pia masharti yake.

Historia yetu inatukumbusha kwamba kumwondolea mnyama giza lake si jambo geni, wala halikuanza kwa nia njema daima. Mjerumani Carl Georg Schillings alisafiri katika nyika za kaskazini mwa nchi hii mwanzoni mwa karne ya ishirini akiwa na kamera na unga wa magnesi. Usiku alifunga punda au ng'ombe kuwa chambo. Simba aliporuka, unga uliwaka, na kioo kikanasa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1905, na jina lake kwa Kijerumani liliunganisha mmweko wa nuru na bunduki. Haikuwa tamathali, maana alipiga kwa vyote viwili na kupeleka ngozi na mafuvu katika majumba ya makumbusho ya kwao. Mwaka huohuo wa 1905 vita vya Maji Maji vilianza kusini. Picha zile ni za ajabu kwa zama zake, na hatuwezi kuzitazama bila ya kustaajabu. Lakini simba wa Schillings ana sura ya mwizi aliyemulikwa kurunzi: macho yamewaka, nyuma yake ukuta mweusi, hakuna nyika, hakuna usiku. Nuru imemtoa katika dunia yake badala ya kumwonyesha ndani yake. Picha ya HDR iliyozidishwa inatofautiana naye kwa rangi tu.

Hata hivyo itakuwa dhuluma kuishia hapo, kwa sababu kivuli nacho kimewahi kuwa kifungo. Tumtazame sokwe wa Gombe. Mwili wake ni mweusi, uso wake ni wa giza, naye huishi chini ya majani ambako jua hupenya kwa vidoadoa vikali. Hakuna mnyama mgumu kuliko huyo kwa filamu. Hugo van Lawick, Mholanzi aliyefika Gombe mwaka 1962 kupiga picha za utafiti wa Jane Goodall, alilazimika kuchagua kila siku: akiupimia uso wa sokwe, kila kidoa cha jua huungua, akikipimia kidoa, sokwe huwa shimo jeusi lenye umbo la sokwe. Na utafiti ule wote ulisimama juu ya nyuso. Sokwe walipewa majina, wakajulikana mmoja mmoja, mama na mwana, mkubwa na mdogo. Huko Ziwa Manyara, katika miaka hiyohiyo ya 1960, Iain Douglas-Hamilton aliwatambua tembo kwa picha za mipasuko ya masikio yao. Bila ya nuru ndani ya kivuli hakuna jina, kuna kundi tu. Kwa kazi kama hizo, uwezo wa kamera za leo kuona ndani ya weusi bila ya kuichoma mbingu ni neema, na tunaipokea kwa mikono miwili.

Na hapa hatuzungumzii wanyama peke yao. Filamu za rangi za karne iliyopita zilisawazishwa katika maabara za Marekani kwa kadi za kupimia zenye sura ya mwanamke Mzungu. Uso wake ukitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Nyuso nyeusi hazikuwamo katika hesabu hiyo kwa miaka mingi, na picha za shule zenye watoto wa rangi mbalimbali zikawatoa wengine na meno tu. Kwa hiyo lile giza usoni mwa Kidato cha Nne halikuletwa na jua peke yake. Anayetaka kuwasifu wasanii wa kivuli na weusi mzito na alikumbuke hilo kwanza. Weusi wa kinyago cha Mmakonde umetafutwa na patasi ya mwenyewe, na kila kishimo chake kina maana. Weusi wa uso katika filamu iliyopimwa kwa ngozi ya mtu mwingine haukutafutwa na yeyote. Ni uzembe uliogeuzwa kuwa kawaida.

Kwa sababu hiyo tunaziona kazi za Nick Brandt kuwa za kupendeza na za kutilia shaka kwa pamoja. Mwingereza huyu alifika Tanzania mwaka 1995 akiongoza filamu fupi ya wimbo wa Michael Jackson, kisha akarudi Afrika Mashariki kuwapiga wanyama kwa filamu nyeusi na nyeupe, bila ya lenzi ndefu za masafa, akiwasogelea na kusubiri mawingu. Katika kitabu chake cha mwaka 2009, ambacho jina lake lenyewe linazungumzia kivuli kinachoanguka, tembo na simba wameketishwa kama wazee waliokwenda studio kupigwa picha ya ukumbusho. Nuru ni ya upole, kila kunyanzi kinasomeka, na bado giza lina mahali pake. Yeye amekwepa tatizo la jua kali kwa kulikataa jua. Huo ni uamuzi halali wa msanii, ila matokeo yake ni nyika isiyo na mchana na isiyo na watu. Nyika isiyo na watu tunaijua ilikotoka: mwaka 1959, mwaka ambao filamu ya akina Grzimek juu ya Serengeti ilianza kuonyeshwa, ndio mwaka ambao Wamaasai walihamishwa kutoka katika hifadhi ile kwenda Ngorongoro. Brandt mwenyewe alionekana kulitambua pengo hilo. Katika kitabu cha mwaka 2016 alichapa picha za wanyama kwa ukubwa wao halisi, akazisimamisha nchini Kenya katika majalala, machimbo na chini ya madaraja, mahali walipopita wanyama zamani. Watu wanapita mbele ya tembo wa karatasi bila ya kumtazama. Kwetu sisi hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, na ndani yake jua la mchana limerudi.

Wapo wanaoogopa kwamba kuunganisha picha ni udanganyifu, wakitaja jarida la National Geographic lililoyasogeza mapiramidi ya Giza kwa kompyuta ili yaenee katika jalada la Februari 1982. Woga huo tunauelewa, lakini umekosea shabaha. Shindano la kimataifa la picha za wanyama linaloendeshwa London linaruhusu HDR. Mshindi wake wa mwaka 2009 alinyang'anywa tuzo kwa sababu waamuzi waliamini kuwa mbwa mwitu wake alikuwa wa kufugwa. Tatizo halikuwa nuru hata kidogo.

Tangu mwaka 2010, simu ya iPhone ilipowekewa ufundi huu, na nyingine zikafuata, mamilioni ya watu wanaunganisha picha bila ya kujua. Simu nyingi za sasa hufanya hivyo zenyewe, kwa kufumba na kufumbua, kila mtu aelekezapo kioo kwenye jua. Kwa hiyo mwalimu anayetaka kuyajaribu haya darasani hahitaji mbuga. Mbuzi mweusi chini ya mwembe, saa saba mchana, anatosha. Mwanafunzi mmoja ampige kwa simu iliyozimwa HDR, mwingine ampige kwa simu iliyoachwa ifanye itakavyo, na wa tatu aketi na penseli achore anachokiona. Kazi zote tatu zibandikwe ubaoni bila ya majina, na darasa lingine ambalo halikutoka nje lije lizitazame. Swali la kwanza liwe: ilikuwa saa ngapi?